Mbunge anasema amepigania elimu. Nitajuaje kama ni kweli?

Swali: Habari kaka. Naishi Louisville, Kentucky. Nilizaliwa Kivu Kusini, nikapitia kambi ya Nyarugusu kabla ya kuletwa huku. Mwaka jana niliapa uraia, na Novemba hii 2026 nitapiga kura mara ya kwanza maishani mwangu. Mbunge wetu wa Baraza la Wawakilishi la jimbo, aliye kitini tangu 2019, ametuletea kipeperushi kinachosema amepigania watoto na walimu wetu. Jirani yangu anasema huyo ni adui wa shule za umma. Mwanangu mkubwa anasoma shule ya magnet, yaani shule ya umma yenye mchepuo maalumu, na basi lake lilifutwa. Mdogo bado anajifunza Kiingereza. Nimwamini nani?

Jibu: Mama, hongera sana kwa uraia. Kwa sasa usimwamini mbunge wala jirani. Kentucky ina jambo moja zuri kwa mpiga kura mwenye subira: Katiba ya jimbo, kifungu cha 46, inataka kura ya mwisho ya kila muswada ipigwe kwa majina na iingizwe kwenye kumbukumbu za bunge. Maana yake, mbunge wako hana pa kujificha. Jina lake liko upande wa ndiyo au wa hapana, au linaonekana miongoni mwa wasiopiga kura kabisa. Kazi ni kujua kura zipi zina uzito, kwa sababu nyingi hazina.

Lakini kwanza tuliweke kando hilo la basi, maana naona ndilo linalokuuma. Kufutwa kwa mabasi ya shule nyingi za magnet na zile ziitwazo "traditional" kwa mwaka wa masomo 2024-25 kulipitishwa na bodi ya shule za Kaunti ya Jefferson, JCPS, mwezi Aprili 2024. Kabla ya hapo, Agosti 2023, siku ya kwanza ya masomo, wapo watoto waliofika nyumbani karibu saa nne usiku, na shule zikafungwa zaidi ya wiki. Bodi hiyo ina wajumbe saba wanaochaguliwa na wananchi, na lawama ya basi wapelekee hao, kwenye uchaguzi wao. Mbunge wa jimbo hapangi mabasi ya Louisville. Mkono wake uko kwenye fedha: sheria inasema jimbo linapaswa kulipia usafiri wa wanafunzi, na kwa miaka mingi bajeti ilitoa pungufu ya gharama halisi. Hapo unaweza kumuuliza. Kumbebesha uamuzi wa bodi hakutakusaidia, na yeye atafurahi ukikosea, kwa kuwa atakujibu kwa sentensi moja na mazungumzo yataisha.

Sasa kura. Tovuti ya bunge ni legislature.ky.gov. Anza kwa kutafuta mbunge wako kwa anwani ya nyumba, kwa sababu mipaka ilichorwa upya mwaka 2022 na wapo watu wanaodhani bado wako kwenye wilaya ya zamani. Ukurasa wa mbunge utakuonyesha kamati zake na miswada aliyoiandika au kuiunga mkono, kikao kwa kikao. Haukupi orodha ya namna alivyopiga kura. Kwa hilo unaingia kwenye ukurasa wa muswada wenyewe, mmoja mmoja, na kufungua faili la kura. Ndani yake majina yamepangwa kwa makundi: "Yeas" ni ndiyo, "Nays" ni hapana, na chini yao walio na majina lakini hawakupiga. Mtoto mkubwa anaweza kukusomea, ila usimwachie kazi ya kuamua maana yake.

Mbunge aliyeingia 2019 ameshapiga kura mamia kwa mamia. Huna muda wa kuzisoma zote na huna sababu. Muswada namba HB 208 wa 2025, kwa mfano (HB ni muswada ulioanzia Baraza la Wawakilishi, SB ni ulioanzia Seneti), unazitaka wilaya za shule ziwe na kanuni ya simu darasani. Jambo jema, lakini kura ya namna hiyo haimtofautishi mtu na mwenzake. Mimi natafuta kura iliyomgharimu: matokeo yalikuwa ya kubanana, chama kilimsukuma upande mmoja na walimu wa kwao upande mwingine, na hakuwa na njia ya kuwafurahisha wote. Kwa elimu ya Kentucky tangu 2019, ningeanzia HB 563 ya mwaka 2021.

Muswada huo ulianzisha akaunti za fursa za elimu. Mtu au kampuni ikichangia kwenye mfuko, inapata nafuu ya kodi, jumla isiyozidi dola milioni 25 kwa mwaka, na familia zinatumia fedha hizo kwa mahitaji ya masomo. Katika kaunti zenye watu 90,000 au zaidi, na Jefferson ni mojawapo, fedha hizo zingeweza kulipa ada ya shule binafsi. Ndani ya muswada huohuo kulikuwa na jambo jingine: wilaya za shule zitunge kanuni za kupokea wanafunzi wa kutoka wilaya nyingine. Kwa hiyo mbunge aliyesema ndiyo anaweza kukwambia kwa uso mkavu kwamba alikuwa anawatetea wazazi wanaotaka kuvusha mtoto kwenda shule ya umma ya jirani. Huenda ni kweli. Utajua kwa kumsikiliza alichosema siku ile: mijadala ya ukumbini hurekodiwa na kutangazwa na KET, televisheni ya umma ya jimbo, na wabunge wengi husimama kueleza kura zao. Kama dakika zake mbili zote zilikuwa za shule binafsi, habari ya kuvusha watoto ameitafuta baadaye.

Sasa fungua faili mbili za muswada huo uziweke pamoja. Ya kwanza ni ya tarehe 16 Machi 2021, Baraza la Wawakilishi lilipoupitisha kwa mara ya mwisho: 48 kwa 47. Gavana Andy Beshear akaupiga veto, yaani akakataa kuutia saini. Ya pili ni ya tarehe 29 Machi, veto ilipotenguliwa: 51 kwa 42. Hapa kuna jambo ambalo hata watu waliozaliwa Kentucky hawalijui vizuri. Katika majimbo mengi kutengua veto kunataka theluthi mbili. Kentucky inataka wingi wa wajumbe wote waliochaguliwa tu, yaani 51 kati ya 100 katika Baraza la Wawakilishi na 20 kati ya 38 katika Seneti. Hesabu hiyo haibadiliki hata kama nusu ya viti ni vitupu. Kura ya tarehe 16 isingetosha kutengua kitu. Ya tarehe 29 ilifika 51 kamili, bila hata moja ya ziada.

Tazama maana yake. Kila mmoja wa wale 51 ndiye aliyeipitisha sheria. Angebaki nyumbani mmoja tu, ingekufa. Na yule ambaye hakupiga kura siku hiyo, kwa hesabu hii, amefanya kazi ileile ya aliyesema hapana, bila jina lake kuonekana upande wa hapana. Kwa hiyo mtafute mbunge wako kwenye faili zote mbili. Alikuwa ndiyo mara zote mbili? Basi msimamo wake unaujua. Alikuwa hapana kisha ndiyo? Kuna kilichotokea ndani ya siku kumi na tatu, na una haki ya kukiuliza. Alikuwa hapana kisha hayupo? Usikimbilie kumhukumu, huenda alikuwa mgonjwa. Ila angalia kama siku hiyohiyo alipiga kura kwenye miswada mingine. Faili za kura zina saa.

Sheria yenyewe haikuishi. Desemba 2022 Mahakama ya Juu ya Kentucky iliona mpango wa nafuu ya kodi unakiuka kifungu cha 184 cha Katiba, kinacholinda fedha za shule za umma. Wanasiasa hupenda kutumia hukumu kama hiyo kufutia nyayo: "Lile lilishapita." Halikupita, Mama. Kura ilibaki.

Tena likarudi kwa mlango mwingine. Mwaka 2024 bunge lilipitisha HB 2, muswada wa kuwapelekea wananchi badiliko la Katiba litakaloruhusu fedha za umma kwenda nje ya shule za umma. Badiliko la Katiba linataka tatu ya tano ya wajumbe, yaani 60 kati ya 100 katika Baraza la Wawakilishi, na halipiti mezani kwa gavana. Baraza la Wawakilishi lilitoa kura 65 kwa 32. Tarehe 5 Novemba 2024 wananchi wakalikataa, takriban asilimia 65, na lilishindwa katika kaunti zote 120. Zote, zikiwemo za vijijini ambako chama kilicholeta muswada hushinda bila jasho. Hapo ndipo napenda kumbana mbunge. Kama alisema ndiyo mwaka 2024, ana majibu mawili ya heshima: ama alitaka wananchi waamue na sasa anauheshimu uamuzi wao, ama bado anaamini mpango ule na atauleta tena. Yote mawili naweza kuyaelewa. Nisiyempa heshima ni anayekwepa swali, halafu kwenye kipeperushi anaandika "shule za umma" kwa herufi kubwa.

Tahadhari moja: usiamini jina la muswada, wala muhtasari wa toleo la kwanza. Hili linahitaji kisa, hata kama mbunge wako hakuwepo bado. Tarehe 29 Machi 2018, muswada SB 151 ulikuwa wa huduma za majitaka, kurasa 11. Siku hiyo kamati iliuondoa wote ndani na kupachika mpango wa pensheni za walimu na watumishi wa umma, kurasa 291. Ndani ya saa chache ukapita Baraza la Wawakilishi kwa kura 49 kwa 46, na usiku huohuo ukapita Seneti kwa 22 kwa 15. Kesho yake shule za wilaya nyingi hazikufunguka kwa sababu walimu hawakuja. Mwezi Mei mwalimu mmoja, Travis Brenda, alimwangusha kiongozi wa wengi wa Baraza, Jonathan Shell, katika uchaguzi wa mchujo wa chama chao. Desemba Mahakama ya Juu ikaifuta sheria, kwa sababu Katiba inataka muswada usomwe siku tatu tofauti, na ule wa majitaka uliosomwa mwanzoni haukuwa na uhusiano na wa pensheni uliopitishwa. Mtu akitafuta leo "pensheni" kwenye orodha ya miswada ya mwaka ule bila kujua kisa hiki, atapita mbele ya SB 151 bila kugeuza shingo.

Mbunge wako alikuwepo kwa mfano mdogo wa tabia hiyohiyo. SB 1 ya 2022 ilipunguza nguvu za mabaraza ya shule, yale ambayo wazazi wawili hukaa na walimu watatu na mwalimu mkuu. Uchaguzi wa mtaala ukahamia kwa mkuu wa wilaya ya shule. Baadaye ukaingizwa ndani yake muswada mwingine, SB 138, kuhusu namna ya kufundisha historia ya Marekani. Aliyesema ndiyo kwa SB 1 alisema ndiyo kwa yote mawili. Gavana akaupiga veto, bunge likaitengua. Kwa hiyo kabla ya kusoma kura, soma tarehe ya kura, kisha fungua toleo la muswada lililokuwa mezani siku hiyo. Ukurasa wa muswada unayahifadhi matoleo yote. Ni kazi ya kuchosha, na ndiyo inayotofautisha aliyesoma na aliyesimuliwa.

Ukiwa hapo, angalia pia HB 9 ya 2022 iliyohusu fedha za shule za mkataba (charter), yaani shule za umma zinazoendeshwa kwa mkataba nje ya usimamizi wa kawaida wa wilaya, ambayo mwanzoni ilipita Baraza la Wawakilishi 51 kwa 46. Ni kura nyingine ya kubanana, na siku ile wapo wa chama cha wengi waliokataa. Ukikuta mbunge wako yumo, umejifunza jambo ambalo kipeperushi cha upande wowote hakitakuambia.

Tuje kwenye bajeti, kwa kuwa nadhani maneno ya kipeperushi chako yametoka huko. Bajeti huandikwa kila miaka miwili, katika kikao kirefu cha siku 60 cha miaka inayogawanyika kwa mbili. Wabunge walio wengi huipigia ndiyo, hivyo karibu kila mmoja wao anaweza kusema ameongeza fedha za shule. Namba ya kuitazama iko kwenye kanuni ya fedha iitwayo SEEK, ambayo humpangia kila mwanafunzi kiwango cha msingi. Kiwango hicho kilikaa dola 4,000 mwaka baada ya mwaka hadi 2021-22, kikapanda hadi 4,100, 4,200, 4,326, na 4,586 kwa mwaka wa masomo 2025-26. Juu ya msingi huongezwa asilimia 15 kwa mtoto wa familia inayostahili chakula cha bure, na asilimia 9.6 kwa mtoto anayejifunza Kiingereza.

Mwanao mdogo yumo humo. Asilimia 9.6 ya dola 4,586 ni kama dola 440 kwa mwaka, ndiyo nyongeza ambayo kanuni inamhesabia. Unajua mwalimu mmoja wa Kiingereza analipwa kiasi gani na anafundisha watoto wangapi, kwa hiyo pima mwenyewe kama inatosha. Louisville Kiswahili ni miongoni mwa lugha zinazozungumzwa zaidi nyumbani kwa wanafunzi, lakini sijaona mgombea anayeitaja asilimia hiyo kwenye hotuba. Ukimuuliza mbunge wako, atashtuka kwamba unaijua. Fungua na bajeti ya 2026 uangalie msingi umekuwa ngapi na asilimia hiyo imeguswa au la.

Kwenye bajeti kuna pia mambo yanayompa mbunge sifa bila muswada wake kupita. Kwa muda mrefu jimbo lililipia nusu siku tu ya chekechea; mwaka 2021 bunge likatoa fedha za siku nzima, na bajeti ya 2022 ikaendelea kuilipia. Waliokuwa wamelipigania jambo hilo kwa miswada iliyokufa kwenye kamati wana haki ya kujisifu. Kwa hiyo pitia miswada aliyoandika mbunge wako hata ile iliyokwama. Kwa upande mwingine, gavana alipopendekeza nyongeza ya mshahara ya asilimia 11 kwa watumishi wa shule, bunge halikuiweka kama alivyotaka, likaziachia wilaya za shule ziamue zenyewe. Ukiona kipeperushi kinasema "nimeongeza mishahara ya walimu", uliza ni kwa kifungu gani.

Yapo yasiyo na kura. Marekebisho mengi ukumbini hupitishwa au kukataliwa kwa sauti, "ndiyo" inayosikika zaidi inashinda, na hakuna majina. Na muswada ambao mwenyekiti wa kamati hakuupanga unakufa kimya. Kama mbunge wako ni mwenyekiti au yuko kwenye uongozi, kimya hicho ni sehemu ya rekodi yake. Kama ni mjumbe wa kawaida wa chama chenye viti 20 hivi kati ya 100, usimdai sheria alizopitisha. Mdai alisema nini na alipinga nini.

Kuhusu jirani yako, mwulize amelipata wapi. Mara nyingi maneno kama hayo hutoka kwenye alama zinazotolewa na makundi yenye msimamo. Chama cha walimu, KEA, kina kura kinazozitazama. EdChoice Kentucky, kundi linalotetea fedha kwa shule binafsi, lina zake. Wote wanaweza kuwa wakweli, na mbunge yuleyule akapata sifuri huku na mia kule. Zitumie kama orodha ya kura za kwenda kuzifungua mwenyewe. Wachangiaji wa kampeni utawakuta kwenye tovuti ya Kentucky Registry of Election Finance. Tazama kama fedha za watu wa elimu, wa upande wowote, ziliingia karibu na vikao vya 2021, 2022 au 2024, ila mchango peke yake hauthibitishi kwamba kura ilinunuliwa.

Ukishajua hayo, mwandikie mbunge, au piga simu ya ujumbe ya bunge, 1-800-372-7181, nayo ni bure. Uliza swali moja, lenye tarehe: "Tarehe 29 Machi 2021 ulipiga kura gani kwenye HB 563, na leo ungepiga vilevile?" Ukiuliza "unafikiri nini kuhusu elimu" utapewa kipeperushi kingine. Swali hilohilo lipeleke kwa mpinzani wake, ambaye hana rekodi ya bunge ya kusomwa: angekuwa mmoja wa wale 51? Kama amewahi kukaa kwenye bodi ya shule au baraza la jiji, kumbukumbu za vikao hivyo nazo ziko wazi. Na kama bado hujajiandikisha kupiga kura, mwisho ni tarehe 5 Oktoba, saa kumi jioni.